Klabu ya mpira hufaje? Kisa cha Rushden & Diamonds ya Uingereza

Kila klabu ya Uingereza inapozama kwenye madeni, vijiwe vya mpira hupata mada ya wiki nzima. Oktoba 2025 ilikuwa zamu ya Sheffield Wednesday. Iliwekwa chini ya msimamizi wa ufilisi, ikakatwa pointi 12, na maswali yakaanza: imekufa? Imeuzwa? Kwa nini ikatwe pointi wakati tayari iko hoi? Na ile Bury iliyofukuzwa kwenye ligi Agosti 2019, mbona tunasikia inacheza tena?

Majibu mengi yanayotolewa huchanganya vitu ambavyo kisheria ni mbalimbali: timu inayoingia uwanjani, kampuni inayowalipa wachezaji, uwanja wenyewe, na nafasi ya klabu katika ligi. Kila kimoja kinaweza kufa peke yake na vingine vikabaki. Kuvitenganisha kwa maelezo matupu ni kazi ngumu, kwa hiyo nitafuata maisha ya klabu moja ndogo kuanzia kuzaliwa hadi kufutwa. Klabu hiyo ni Rushden & Diamonds. Iliishi miaka 19 tu, 1992 hadi 2011, na ndani ya miaka hiyo ilipitia karibu kila jambo linaloweza kuipata klabu ya mpira.

Ligi, na wale walio nje yake

Tuanze na msamiati, maana hapa ndipo wengi hupotea. Ligi ya Soka ya Uingereza ilianzishwa mwaka 1888 ikiwa na klabu 12. Ikakua, ikagawanyika madaraja, na mwaka 1992 klabu za juu zikajitenga na kuunda Premier League. Leo Premier League ina klabu 20 na madaraja matatu yanayofuata yana klabu 72, jumla 92. Waingereza wanaposema klabu "iko nje ya ligi" wanamaanisha haimo katika hizo 92. Si kwamba haina ligi ya kuchezea. Daraja la tano, ambalo sasa huitwa National League na zamani liliitwa Conference, lina ratiba, waamuzi, kupanda na kushuka kama kwingine. Chini yake kuna madaraja mengine mengi, hadi timu za vijijini ambako mtu mmoja anakata tiketi, anapaka chokaa mistari ya uwanja na kupika chai ya mapumziko.

Si kweli pia kwamba walio nje ya ligi wote ni wa ridhaa. Klabu nyingi za daraja la tano zina wachezaji wa kulipwa ambao kazi yao ni mpira tu. Ukiteremka zaidi ndipo unapokutana na beki ambaye Jumatatu ni mwalimu au fundi bomba.

Kwa karibu karne nzima mlango kati ya Ligi ya Soka na walio nje yake ulikuwa kama umefungwa. Klabu zilizoshika mkia katika Ligi ya Soka ziliomba kubaki, na wanaopiga kura walikuwa wenzao wa humo humo. Mara nyingi walibakishana. Ni mwaka 1987 ndipo bingwa wa Conference alipoanza kupanda moja kwa moja, na wa kwanza alikuwa Scarborough.

Hata hapo kulikuwa na sharti: uwanja uwe na hadhi inayotakiwa. Sharti hilo liliuma kwelikweli. Kidderminster Harriers walikuwa mabingwa mwaka 1994, Macclesfield Town mwaka 1995, Stevenage mwaka 1996, na wote watatu walizuiwa kupanda kwa sababu ya viwanja vyao. Tafsiri yake kwa klabu ndogo ni kwamba unatakiwa ujenge uwanja wa daraja la juu kabla hujapata mapato ya daraja la juu. Nani atakupa fedha hizo? Swali hilo ndilo lililoizaa Rushden & Diamonds.

Mji wa viatu

Northamptonshire, mkoa ulio kaskazini mwa London, umeishi kwa viatu kwa vizazi vingi. Klabu kubwa ya huko, Northampton Town, hadi leo inaitwa "Cobblers", yaani washona viatu. Katika kijiji cha Wollaston familia ya Griggs ilikuwa na kiwanda cha viatu, na Aprili 1, 1960 ilitoa buti la kwanza lenye soli ya hewa kwa leseni kutoka Ujerumani. Tarehe hiyo ndiyo iliyolipa buti jina la 1460. Chapa yake ni Dr. Martens. Wanaokumbuka jezi ya West Ham aliyoivaa Paolo Di Canio wanalijua jina hilo, kwani lilikaa kifuani kuanzia 1998 hadi 2003.

Aliyekuwa akiiongoza kampuni hiyo katika miaka yake ya neema ni Max Griggs. Mwaka 1992 klabu mbili za miji jirani, Rushden Town iliyoanzishwa 1889 na Irthlingborough Diamonds ya mwaka 1946, ziliunganishwa, na Griggs akawa nyuma yake. Klabu mpya ilichukua jina kutoka pande zote mbili, lakini mechi zikapelekwa Irthlingborough, kwenye uwanja wa Nene Park. Watu wa Rushden walibaki na jina mbele ya klabu, na mpira ukahama mji wao. Jambo hilo huwa dogo katika simulizi za mafanikio, ila kwa mzee aliyezoea kwenda uwanjani kwa miguu kila Jumamosi halikuwa dogo.

Kilichofuata kilikwenda kasi. Klabu ilishinda kundi lake katika Southern League, ligi iliyo chini ya Conference, mwaka 1994, ikatwaa ubingwa wa ligi hiyo mwaka 1996 na kuingia Conference. Nene Park ikajengwa upya jukwaa baada ya jukwaa hadi ikaweza kubeba watu 6,441. Linganisha na idadi ya watu: sensa ya 2011 iliukuta mji wa Irthlingborough na watu takriban 9,000, na Rushden chini kidogo ya 30,000. Na karibu hapo hapo kuna Northampton, Kettering na Peterborough, miji yenye klabu kongwe ambazo tayari zilikuwa zimegawana mashabiki.

Januari 2, 1999 Leeds United walikuja Nene Park kwa raundi ya tatu ya Kombe la FA. Leeds hao walimaliza msimu ule wakiwa wa nne Premier League, na miaka miwili baadaye walifika nusu fainali ya Ligi ya Mabingwa Ulaya. Walioingia uwanjani siku hiyo walikuwa 6,431, pungufu ya watu 10 tu uwanja ujae pomoni. Mechi iliisha 0-0. Marudiano, kwenye uwanja wao wa Elland Road, Leeds walishinda 3-1, lakini nchi nzima ilikuwa imeshauona uwanja ule na kujiuliza ni wa nani.

Chini ya kocha Brian Talbot, Rushden & Diamonds walitwaa ubingwa wa Conference mwaka 2001 na kuingia Ligi ya Soka. Msimu wa kwanza tu walifika fainali ya mchujo wa kupanda daraja mjini Cardiff, wakafungwa 3-1 na Cheltenham Town. Msimu uliofuata, 2003, wakawa mabingwa wa Division Three. Msomaji asichanganyikiwe: wakati huo Division Three lilikuwa daraja la nne kutoka juu, lile linaloitwa League Two leo. Klabu yenye umri wa miaka 11 ilikuwa imepanda hadi daraja la tatu la Uingereza.

Fedha zilitoka wapi

Klabu ya mpira hupata fedha kwa njia chache: milangoni, matangazo ya televisheni, wadhamini, kuuza wachezaji, na mfuko wa mwenye klabu. Zile nne za kwanza hutegemea ukubwa wa klabu. Ya tano hutegemea mtu mmoja, afya yake, biashara yake na moyo wake. Kwa Rushden & Diamonds, hii ya tano ndiyo iliyobeba nyumba.

Kila mmoja wetu anaijua familia inayotumiwa fedha na mtoto mmoja aliyeko ughaibuni. Nyumba imejengwa ya ghorofa, ada za shule zinalipwa, majirani wanaiona ni familia tajiri. Lakini mapato ya wanaoishi humo hayajabadilika, na gharama zimepanda kufuata fedha zinazotumwa. Siku kazi ya mtoto huko inapoyumba, nyumba kubwa inageuka mzigo, maana hata kuipaka rangi kunahitaji fedha ambazo waliomo ndani hawazalishi.

Ndivyo ilivyokuwa Irthlingborough. Soko la Dr. Martens liliporomoka, na Oktoba 2002 kampuni ikatangaza kuhamishia uzalishaji China. Zaidi ya wafanyakazi 1,000 wa Uingereza walipoteza kazi. Tazama wakati: ni msimu ule ule wa 2002/03 ambao klabu ilinyanyua kombe la daraja lake. Ukitazama jedwali la ligi tu, huo ulikuwa msimu wake bora kuliko yote. Ukitazama chanzo cha fedha zake, hatari ilikuwa imeshaingia. Machi 2004 Talbot akaondoka kwenda Oldham, na msimu huo klabu ikashuka.

Mwaka 2005 Griggs aliikabidhi klabu kwa umoja wa mashabiki. Hapa nasimama kidogo, kwa sababu kuna hadithi rahisi inayopendwa sana kwamba klabu zote zinazokufa zimeibiwa na wenye nazo. Zipo zilizoibiwa, na hasira ya mashabiki wake ni ya haki. Hii si mojawapo. Griggs alitoa mali yake mwenyewe kwa zaidi ya miaka kumi, akajenga uwanja, na alipoondoka hakuiuza klabu kwa mtu wa kuja kuikamua. Hata hivyo klabu ilikufa. Kwangu hilo ndilo somo zito zaidi katika kisa hiki, kwa sababu linatuondolea faraja ya kumtafuta mwovu. Mfadhili mwema anaweza kuiweka klabu mahali ambapo, akiondoka yeye, hakuna mwingine anayeweza kuishika.

Na umoja wa mashabiki, je? Kwa Uingereza huo ni chombo cha kisheria ambacho kila mwanachama ana kura moja, awe ametoa pauni kumi au elfu kumi. Ni utaratibu mzuri, nami nauunga mkono kwa dhati. Lakini umiliki ni suala la nani anaamua. Hauongezi hata pauni moja ya mapato. Mashabiki walirithi uwanja wenye taa, nyasi, bima, walinzi na majukwaa manne ya kutunzwa, katika mji wa watu 9,000. Mwaka 2006 klabu ilishika mkia na kurudi Conference, na mwaka huo huo mfanyabiashara Keith Cousins akaichukua.

Ilivyokufa

Wengi hudhani klabu hufa kwa kufungwa mechi. Msimu wa 2009/10 Rushden & Diamonds walimaliza nafasi ya nne Conference na kucheza nusu fainali ya mchujo dhidi ya Oxford United. Walikuwa mechi tatu tu mbali na kurudi Ligi ya Soka. Mwaka mmoja baadaye hawakuwepo.

Klabu hufia kwenye vitabu vya hesabu, na kwa kawaida anayegonga mlango wa kwanza ni mtoza kodi. Sababu yake ni rahisi kuielewa. Klabu ikikosa fedha, mchezaji asiyelipwa atagoma leo, kampuni ya umeme itakata kesho, lakini kodi inayokatwa kwenye mishahara inaweza kucheleweshwa miezi kadhaa bila mtu uwanjani kugundua. Basi klabu huanza kuishi kwa kodi ya serikali. Deni likikua, mamlaka ya kodi huenda mahakamani kuomba kampuni ivunjwe.

Kabla ya kuvunjwa kuna njia ya katikati, ile waliyoingia Sheffield Wednesday. Mtaalamu wa ufilisi hukabidhiwa kampuni, wadai husimamishwa kwa muda, na yeye hutafuta mnunuzi. Kampuni haijafa hapo, imelazwa. Pointi hukatwa ili klabu isinufaike na madeni: aliyesajili wachezaji asioweza kuwalipa amepata ushindi dhidi ya wenzake waliolipa kila senti, na bila adhabu kila mtu angefanya hivyo. Leeds, wale wale wa Kombe la FA, walipita njia hii Mei 2007 wakapona, kwa sababu hata walipokuwa daraja la tatu walivuta zaidi ya watu 20,000 uwanjani. Penye mashabiki wengi hivyo hapakosi mnunuzi.

Kuna kanuni moja hapa ambayo mashabiki wengi hawaijui, na mimi naiona ni ya dhuluma. Katika ligi za juu za Uingereza, klabu iliyofilisika ikitaka kubaki ligini lazima kwanza iwalipe wadai wa mpira, yaani wachezaji na klabu nyingine, deni lao lote. Mchapishaji wa tiketi, muuza nyama na mwenye gari la kubeba timu hugawana kinachobaki, mara nyingi senti chache kwa kila pauni. Mamlaka ya kodi iliipinga kanuni hiyo mahakamani na ikashindwa mwaka 2012.

Kwa Rushden & Diamonds mambo yalimalizika haraka. Juni 2011 Conference haikuridhika kwamba klabu, ikiwa na madeni yakiwemo ya kodi, ingeweza kumudu msimu uliofuata, ikaifukuza. Hiki ni kifo cha kwanza, cha nafasi ligini, na hutolewa na ligi bila kungoja mahakama. Nafasi hiyo ikawaokoa Southport, ambao walikuwa wameshuka uwanjani na sasa wakabakishwa. Julai ikaja zamu ya kampuni yenyewe, ikafikia mwisho. Wachezaji wakatawanyika kutafuta klabu nyingine, na timu ikawa haipo.

Uwanja ukabaki. Kiangazi hicho hicho Kettering Town, mahasimu wa jirani, klabu ya tangu 1872, wakahamia Nene Park. Dhana kwamba uwanja mkubwa ni utajiri unaoilinda klabu inavunjika hapo. Ulikuwa mzito kwa Rushden na ukawa mzito kwa Kettering, ambao nao walilemewa na madeni, wakashushwa madaraja mawili kwa mkupuo, wakakatiwa umeme na kuondoka mwaka 2012. Hakuna klabu nyingine iliyofanya maskani pale. Mwaka 2017 Nene Park ikabomolewa.

Kufufuka ni nini

Mashabiki hawakungoja. Mwaka huo huo wa 2011 waliunda AFC Rushden & Diamonds, wakaanza na timu ya vijana wa chini ya miaka 18, na mwaka 2012 wakaingiza timu ya wakubwa kwenye United Counties League, madaraja mengi chini ya walikokuwa. Klabu ni mali ya mashabiki wenyewe. Mwaka 2017 ilipata makazi Hayden Road, mjini Rushden, uwanja ule ule wa Rushden Town ya zamani.

Je, ni klabu ile ile? Kisheria hapana. Haikurithi madeni, haikurithi nafasi ligini, na ubingwa wa 2003 umeandikwa kwa jina la klabu iliyofutwa. Mambo haya huenda pamoja: huwezi kuchukua kombe la marehemu na kuacha deni lake. Lakini ukiwauliza wanaosimama nyuma ya goli, watakuambia ni ile ile, na sioni haki ya kuwabishia. Kumbukumbu si mali ya kampuni. Ninachowaomba wenzangu kwenye mijadala ni tusitumie jibu la moyo kujibu swali la hesabu, wala la hesabu kujibu la moyo. AFC Wimbledon walianza chini sana mwaka 2002 kwa namna hiyo hiyo baada ya klabu yao kupewa ruhusa ya kuhamishiwa Milton Keynes. Mei 2011 walipanda kuingia Ligi ya Soka kutoka Conference, wiki chache tu kabla Rushden & Diamonds hawajafukuzwa kwenye Conference hiyo hiyo.

Vifo vya namna hii ni miongoni mwa mambo yaliyolisukuma Bunge la Uingereza kupitisha sheria ya usimamizi wa soka mwaka 2025. Imeunda mdhibiti huru, na klabu 116 za madaraja matano ya juu zitahitaji leseni yake. Atapima wamiliki wapya, atataka kuona fedha zitatoka wapi, na klabu haitaweza kuuza uwanja wake bila idhini yake. Hawezi kumlazimisha tajiri aendelee kutoa wala kuwazidisha watu wa Irthlingborough. Anachoweza ni kuuliza mapema, wakati kombe bado linang'aa, klabu hii italipwa na nani yule mmoja akiondoka. Rushden & Diamonds ya 2003 ingeulizwa. AFC ya sasa, iliyo chini ya daraja la tano, haimo katika sheria hiyo.